Mimea Itambaayo: Ngao ya Udongo Mlimani

Bustani nyingi za nyumbani huko Mlola, katika milima ya Usambara Magharibi wilayani Lushoto, zimo katika miteremko. Mvua kubwa inyeshapo juu ya ardhi tupu, udongo wa juu wenye mboji huchukuliwa hadi bondeni. Hasara hiyo hailipiki upesi, kwani udongo huchukua mamia ya miaka kujengeka.

Wengi hudhani kuwa mmomonyoko huanzishwa na maji yatiririkayo. Kwa kweli huanza na tone. Tone kubwa la mvua, lenye kipenyo cha milimeta 5, hufika ardhini kwa kasi ya mita 9 hivi kwa sekunde. Huvunja mabonge ya udongo, na chembe zake huziba vitundu ambamo maji yangepenya. Maji yakikosa njia hutiririka, yakizichukua chembe zilizokwisha kung'olewa.

Je, mti mrefu hautoshi kuwa kinga? La, hasha. Matone hukusanyika majanini, na yaangukapo kutoka mita 10 hukaribia tena kasi ile. Lakini tone lidondokalo kutoka jani lililo sentimeta 20 juu ya ardhi hufika kwa kasi ya mita 2 tu kwa sekunde. Kwa kuwa nishati ya mwendo hutegemea mraba wa kasi, tone hilo huwa na takriban sehemu moja ya ishirini ya nishati ya tone la uzito ule ule litokalo mawinguni.

Marando ya viazi vitamu hufaa sana kwa kazi hii. Yapandwe kwa mistari ikatayo mteremko. Yatambaapo hutoa mizizi kwenye vifundo na kuushika udongo, na majani yake ni mboga. Ila kuvuna hufukua ardhi. Kwa hiyo yafaa kuvuna sehemu kwa sehemu. Desmodiamu, iliyo ya jamii ya kunde, hudumu miaka kadhaa. Bakteria waishio katika vinundu vya mizizi yake huigeuza nitrojeni ya hewa kuwa chakula cha mimea. Mwanzoni hukua polepole, hivyo hapana budi kuipalilia.

Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo. Wakulima walishurutishwa kulima matuta, nao wakapinga. Mradi wa SECAP, ulioanza mapema katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, ulihimiza mistari ya kontua yenye majani ya Guatemala, miti na mikunde itambaayo. Humo mkulima hupata pia malisho ya ng'ombe wake.

Wanafunzi waweza kulithibitisha jambo hili shuleni. Karatasi nyeupe isimamishwe kando ya udongo mtupu, na nyingine kando ya udongo uliofunikwa na marando. Maji yamwagwe kwa kopo lenye matundu, kisha madoa ya matope yahesabiwe.