Wazee wawili njiani: jinsi ya kutembea mbali uzeeni bila kuumia



Kiangazi kikiingia, ukisimama kwenye barabara ya Ujiji kwenda Kigoma mjini mapema asubuhi, utawaona: baba mbele na bakora yake, mama nyuma na mfuko. Wengine wanakwenda sokoni tu. Wengine wamemwachia kijana nyumba na watakuwa njiani kwa wiki kadhaa: Mwandiga kwa kaka, Kalinzi kwa binti, kisha wateremke tena ziwani hadi Kibirizi kwa rafiki wa zamani. Watoto wao hunifuata zahanati na kuuliza, "Nesi, tuwazuie?"

Huwa nawajibu: msiwazuie, wasaidieni kujiandaa. Makala hii inawaeleza ninyi wawili mnaotaka kutoka namna ya kufanya hivyo.

Kwa nini safari inafaa kwa afya

Mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akifika miaka 60. Mvuvi huacha mtumbwi mikono ikichoka. Watoto wameoa na kuolewa. Mnabaki wawili barazani, na hakuna anayewasubiri popote. Katika kazi yangu nimeona wazee waliokuwa wazima wakipoteza hamu ya kula na usingizi baada ya kustaafu, bila ugonjwa wowote kuonekana kwenye vipimo.

Kuwa na sababu ya kuamka asubuhi ni jambo la afya. Huko Ohsaki, Japani, watafiti waliwafuatilia watu zaidi ya 43,000 kwa miaka 7, na matokeo yakatoka mwaka 2008. Waliosema hawaoni maana ya kuishi walifariki kwa wingi zaidi kuliko waliosema wanaiona. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba kukosa maana ndiko kulikowaua, lakini unatuonya tusilipuuze jambo hili.

Kutembea nako kunasaidia kushusha presha na sukari, kunaimarisha miguu na kuleta usingizi. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, hata kwa aliyepita miaka 65. Hiyo ni nusu saa kwa siku, siku 5.

Safari ikiwa na sababu mtaidumisha. Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli na mkewe waliandika kwenye daftari majina ya wenzao wa zamani ambao hawawezi tena kutoka nyumbani. Kila kiangazi huwafuata mmoja mmoja, hukaa siku mbili tatu, kisha huendelea. Mama aliniambia, "Mwanangu, tukifika mahali, mtu analia kwa furaha. Nitakaaje nyumbani?"

Kosa lililokaribia kumuua mama

Mwaka wao wa kwanza, mama huyo alirudi amevimba miguu, anahema akiwa amekaa. Presha yake ilikuwa 190 kwa 110. Nilipomuuliza kuhusu dawa, alisubiri mumewe atoke nje ndipo akasema. Alikuwa ameacha kidonge cha presha kile kinachokojosha. Njiani hakuna choo, na baba alikuwa anatangulia mbali. "Ningemsimamisha mara ngapi?"

Alipelekwa hospitali, akapona. Mumewe alikaa kimya muda mrefu aliposikia. Hakuwa mkatili; hakujua tu kwamba mkewe anaona haya.

Mambo mawili yalibadilika. Daktari alisogeza saa ya kile kidonge, akinywe wakishafika. Na sasa mama ndiye anayetangulia, baba anafuata. Mwendo wenu ni wa yule asiyeweza kwenda haraka, kwa hiyo mwekeni mbele.

Kabla ya kuondoka

- Pimeni presha na sukari, wote wawili. Presha ikifika 180 kwa 110, ahirisheni safari na mwone daktari. Kwa wenye miaka 60 na kuendelea, ulizeni dirisha la wazee. Mabango ya "Mpishe mzee apate huduma kwanza" yamewekwa kwa ajili yenu.
- Mwambieni mhudumu kwamba mnasafiri kwa miguu. Msiache dawa wala kubadili saa yake bila kumuuliza.
- Bebeni dawa za siku zote za safari na za wiki moja zaidi, pamoja na daftari la kliniki.
- Anzeni na dakika 10 kwa siku, mwongeze kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Kuteremka kwenda ziwani ni rahisi. Milima ya kupanda Kalinzi inataka miguu iliyozoea, na huko kuna baridi, bebeni sweta.
- Vaeni viatu vilivyofungwa na vilivyozoea mguu. Kandambili ziacheni nyumbani.

Njiani

- Ondokeni alfajiri, mpumzike kabla ya jua la mchana. Misafara iliyotembea zamani kati ya Ujiji na Bagamoyo ilifanya hivyohivyo, nayo ilikuwa na vijana wenye nguvu.
- Mnapotembea muweze kuzungumza. Mmoja akishindwa kumaliza sentensi, punguzeni mwendo.
- Msijinyime maji kwa kuogopa kukojoa. Kubalianeni tangu mwanzo kusimama kila baada ya muda, bila mtu kuomba.
- Maji ya ziwa chemsheni au tieni dawa kabla ya kunywa. Kipindupindu tunakijua Kigoma. Msioge kwenye maji yaliyotulia yenye majani, kwa sababu ya kichocho.
- Laleni ndani ya chandarua kila mnapolala. Malaria mkoani kwetu ni nyingi.
- Mwenye kisukari abebe sukari mfukoni. Akitetemeka, akitoka jasho la baridi au akianza kuchanganyikiwa, na bado anaweza kumeza, apewe vijiko vidogo 3 au 4 kwenye maji, kisha ale.
- Kila jioni baba akague nyayo za mama, na mama akague za baba. Mwenye kisukari anaweza kuwa na kidonda asikisikie.

Simameni, tafuteni gari, nendeni kituo cha afya mkiona

- kifua kinabana au kuuma;
- pumzi inakatika hata mkipumzika;
- mdomo umepinda, mkono au mguu mmoja umelegea, maneno hayatoki vizuri;
- kizunguzungu kikali au kuzimia;
- homa;
- kidonda cha mguu kinachotoa usaha au kubadilika rangi.

Msisubiri kufika mlikokuwa mnakwenda.

Mvua zikirudi

Njia zitateleza, na kuvunjika nyonga uzeeni ni jambo zito. Mvua zikianza, rudini nyumbani. Endeleeni kutembea karibu, na mara 3 kwa wiki fanyeni zoezi la kuinuka kwenye kiti bila kushika, kulinda nguvu na msimamo.

Wapo wazee wanaosoma haya na miguu imeshakataa. Kwenu nasema: waiteni wale wanaoweza kutembea. Nao wanahitaji mahali pa kwenda.

Kabla ya yote, leo jioni ulizaneni swali moja: kuna jambo gani unaona haya kuniambia tukiwa njiani? Mkishajibiana, njooni zahanati mpime presha.