MAMA ALIYEKUWA SAFARINI MIAKA SITINI

Wazee wetu wa mwambao hawakuwa na mazoea ya kusema kuwa fulani amehamia bara. Walisema yuko safarini, na aliye safarini husubiriwa. Wako waliorudi na mali, wako waliorudi na homa, na wako ambao hawakurudi asilani bali waliacha huko misikiti, wana na maneno. Mumias, mji usio mbali na Bungoma, ulikuwa kituo cha misafara ya wafanyabiashara wa pwani kabla ya gari la moshi, na mtawala wake mashuhuri, Nabongo Mumia wa Wawanga, alisilimu. Basi habari hii ninayowasimulia, wapenzi wasomaji, ina jadi yake. Ni habari ya mama yangu mzazi, aliyeondoka Mombasa mwaka 1955 kwa safari ya miaka mitatu, akakaa sitini na miwili.

Baba alikuwa karani wa mizigo wa reli, akapelekwa stesheni ya Bungoma, katika njia kuu iendayo Uganda. Mama alimfuata kwa treni akiwa na kasha moja la mvule, mkeka mmoja, gunia la nazi na mbuzi. Mbuzi mwenyewe ni ule wa kukunia nazi, lakini hilo ndilo lililoleta kisa cha kwanza.

MBUZI WA JIRANI

Siku moja mguu wa mbuzi ule ulivunjika, na mchele ulikuwa umeshaoshwa. Mama akampa kijana wa jirani ujumbe: "Nenda ukamwambie mamako aniazime mbuzi, nitamrudishia baada ya adhuhuri." Jirani, Mbukusu mwenye heshima zake, alistaajabu kidogo, lakini mgeni hanyimwi. Baada ya kitambo akaja mwenyewe akimburura beberu kwa kamba. Mama alimtazama beberu, akamtazama jirani, akaona haya kukataa. Akamfunga kibarazani mpaka baada ya adhuhuri, akampa maji na maganda ya ndizi, kisha akamrudisha kwa shukrani nyingi. Wali ule ulipikwa kavu.

Urafiki wa mama na yule jirani ulianzia hapo. Jirani alimfunza Kibukusu, na mama akamfunza kukaanga mahamri. Mama alipofikisha mwaka wa tatu, alikuwa akiamkia "Mulembe" sokoni kwa sauti kubwa kuliko wenyeji, na wake wa soko wakimwita "Mayi". Mwezi wa Agosti wa kila mwaka ugawanyikao kwa mbili, vijana wa Kibukusu waendao tohara walipopita wakipiga njuga kuwaalika jamaa zao, walisimama mlangoni kwake pia. Mama alikuwa akifunga dirisha upande wa ngoma, akafungua upande wa pili na kuwapa kuku. "Ngoma siitaki," alikuwa akisema, "lakini watoto ni wangu."

MNAZI WENYE BARIDI

Mwaka 1963 baba alihamishiwa Kitale, ncha ya ile njia ya reli iliyofikishwa huko mwaka 1926 kuwahudumia walowezi wa Trans Nzoia na mahindi yao. Kitale uko karibu mita 1,900 juu ya bahari, chini ya Mlima Elgon, na baridi yake mwezi wa Julai humtoa mtu machozi. Mama aliamua kupanda mnazi.

Bwana shamba mmoja alimweleza kwa adabu kwamba mnazi hautaki baridi. Mama akamjibu kwamba hata yeye haitaki, na mbona yupo? Usiku aliufunika mnazi ule kwa kanga, na usiku wa baridi kali akauongezea blanketi la baba, ambaye alilala akitetemeka bila kusema neno. Asubuhi aliufunulia jua na kuupa habari za Mombasa: nani ameolewa, nani amezaa, nani amefilisika. Ulimaliza miaka minne bila kupita goti la mtoto, kisha ukafa. Mama alikaa siku tatu bila kupika kwa nazi. Sisi watoto tuliogopa kucheka mbele yake.

Ramadhani ilikuwa mtihani mwingine. Mawingu ya Elgon huufunika mwezi, na mama hakuamini macho ya mtu yeyote wa Kitale. Alisubiri khabari za mwezi kutoka pwani, kwanza kwa redio, baadaye kwa simu. Ustadhi wa msikiti alimtania siku moja: "Bibi, wewe wasema uko safarini miaka yote hii. Je, sala wapunguza?" Mama akamjibu, "Sala za miguu sizipunguzi. Safari yangu ni ya moyo, nayo haina ruhusa."

MWALIMU ASIYE NA SKULI

Baba alifariki mwaka 1981, Mwenyezi Mungu amrehemu. Jamaa wa Mombasa walituma mtu kumchukua mjane. Mama alimkaribisha, akamlisha siku nne, akampakia viazi na mahindi, akamrudisha peke yake. Alikuwa ameanza biashara ya mahamri na mbaazi karibu na stesheni, na alisema wateja wake watakula nini?

Wateja hao walilipa bei mbili: shilingi na sarufi. Aliyesema "Mama, leta hiyo maandazi mbili" hakupewa kitu. Alisimamishwa pembeni mpaka aseme, "Mama, nipe mahamri mawili." Wanafunzi waliokuwa na haraka ya kengele walijifunza upesi. Hata askari mmoja aliyekuja kumdai kibali cha kuuza barabarani alikosolewa mara nne katika sentensi moja, akasahau alichojia, akanunua matano.

Tulicheka, lakini ilifika siku ambayo kichekesho hiki kilikuwa na thamani ya roho za watu. Ilikuwa Januari 2008, baada ya ule uchaguzi uliozua maafa. Uwanja wa maonyesho wa Kitale ulijaa maelfu ya waliofukuzwa makwao, na nyuma yake upande wa Elgon kulikuwa na vita vya ardhi tangu mwaka 2006. Mama, aliyekuwa amepita miaka sabini, alikuwa na jamaa wawili wa majirani wamelala chumbani mwake, wake na watoto, jumla yao tisa. Usiku vijana wakaja mlangoni na mapanga. Mmoja akauliza, "Mama, hii watu iko wapi?"

Mama akafungua nusu ya mlango, taa mkononi. "Watu si *hii*," akasema. "Watu ni *hawa*. Kitu ndicho kinachoitwa *hiki*, na nyumba ndiyo *hii*. Nani kakufunza kuwaita watu kama nyumba?" Kukawa kimya. Kisha akainua taa. "Wewe nakujua. Ulikuwa ukinunua mahamri mawili na kula matatu." Kijana yule akainamisha kichwa. Sijui walisemezana nini, lakini wale tisa walioko chumbani walisikia hatua zikiondoka. Mama alifunga mlango, akaketi mkekani, na kutetemeka mpaka alfajiri.

MOMBASA HAKUNA KWAO

Uzee ulianza kumchukua kidogo kidogo. Alitia chumvi kwenye chai, sukari kwenye mbaazi, na akabishana nasi kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote. Mwaka 2014 tukakata shauri kumleta Mombasa, kwetu Mji wa Kale, karibu na bahari aliyokuwa akiilia miaka yote.

Alikaa siku arubaini. Alilalamika joto. Alilalamika kwamba Waswahili wa siku hizi hawajui Kiswahili. Muuza samaki alipomtajia bei, mama alimjibu kwa Kibukusu, na yule bwana akatuuliza bibi huyu katoka wapi. Kila asubuhi alijifunga kanga, akachukua mkoba wake, akaketi karibu na mlango. "Treni yaondoka saa ngapi?" Tukamwambia, mama, hapa ndipo nyumbani, umeshafika. Alitutazama kwa huruma, kama mtu atazamavyo watoto waliopotea njia. "Hapa ni kwa mamangu," akasema. "Nyumbani nimeacha watu."

Tukamrudisha kwa basi. Tulipopita Webuye, kisha Misikhu na Kamukuywa, alikuwa akivitaja vituo mmoja baada ya mwingine kabla hatujavifikia, yeye ambaye jina langu lilikuwa limemtoka tangu mwezi uliotangulia.

KASHA

Alifariki Kitale mwaka 2017, baada ya sala ya alfajiri. Akazikwa siku hiyo hiyo kama ilivyo sunna. Siku ya tatu likaja lori kutoka Bungoma, limejaa wazee, mahindi na fahali mmoja, likiongozwa na wana wa yule jirani wa beberu. Walikuwa wamekuja kumzika. Walipoambiwa kwamba ameshazikwa, walikasirika kwelikweli. Kwao, mtu mkubwa kama yule huliliwa kwa siku kadhaa. "Mmemficha," mzee mmoja akasema, "kama kwamba hakuwa na watu." Ilitubidi kuwapeleka kaburini mmoja mmoja, kisha tukawaomba wakae kwenye khitma. Wakakaa. Fahali akachinjwa kihalali, na wali ukapikwa kwa nazi.

Baada ya dua tulifungua lile kasha la mvule, ambalo siku zote alituambia ni mizigo yake ya kurudia. Ndani mlikuwa na sanda iliyokunjwa, pamba, udi, na daftari iliyoandikwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Shangazi mmoja mkongwe ndiye aliyeweza kuisoma. Yalikuwa madeni ya mahamri ya miaka thelathini na zaidi, majina ya Kibukusu, ya Kisabaoti, ya Kikuyu, ya Kihindi, na mbele ya kila jina neno moja: nimemsamehe.

Isipokuwa jina moja. Muuza nyama wa sokoni, shilingi 12, mwaka 1984. Mbele yake mama aliandika: "Huyu alisema mahamri yangu ni madogo."

Mzee yule alikuwepo, amekaa nyuma karibu na ukuta. Akasimama kwa mkongojo, akacheka huku machozi yakimtoka, akapita katikati ya watu na kuweka shilingi 12 juu ya mkeka, akizihesabu kwa sauti. Kisha akasema, kwa Kiswahili kisicho na kosa hata moja, kwamba mahamri yale yalikuwa makubwa.