Frontosa

Frontosa (jina la kisayansi: Cyphotilapia frontosa) ni samaki wa familia Cichlidae, ambamo wamo pia sato na perege. Kwa asili anapatikana katika Ziwa Tanganyika pekee, kwenye miamba iliyo kina cha makumi ya mita. George Albert Boulenger alimweleza kisayansi mwaka 1906. Ana mistari mipana myeusi ya wima, kwa kawaida 6, ingawa wale wa Kigoma wana 7. Hupita urefu wa sm 30, na dume mzee huota nundu kubwa kwenye paji la uso.

Wafugaji wa samaki wa mapambo humpenda kwa upole: huogelea polepole, hukaa kwa makundi na hagombani ovyo. Hata hivyo yeye ni mla samaki. Ziwani huwavizia wadogo alfajiri kabla hawajachangamka, na katika tangi la kioo wenzake wanaoenea mdomoni mwake hutoweka usiku mmoja mmoja.

Dume mmoja na majike kadhaa huhitaji tangi la lita 500 hivi, mapango ya mawe, joto la sentigredi 24 hadi 27 na pH ya 8 hadi 9, kama ziwani. Maji laini yenye asidi hayamfai.

Jike hutaga mayai machache makubwa, akayaatamia mdomoni zaidi ya mwezi mmoja. Akisumbuliwa huweza kuyatema.

Waliovuliwa ziwani hupandishwa taratibu, kwa sababu wakitolewa kilindini ghafla kibofu chao cha hewa huvimba na wanaweza kufa.