Kuchagua Si Kazi, Kazi Kulea

Sogeeni, wanangu. Sogea wewe wa Mbagala, nawe wa Tandika, na nyie wa Mwananyamala na Kawe msibaki nyuma. Leo nina hadithi ya kijana wa jiji hili hili, na watu wote waliomo ndani yake ni wa kweli.

Ilikuwa Juni 25, 2009, mjini New York. Kule jioni ilikuwa imeingia. Huku Dar es Salaam saa nane ya usiku ilikwisha kupita na mitaa imelala. Katika ukumbi wa Madison Square Garden, mkuu wa ligi ya kikapu ya Marekani, David Stern, alikuwa akipanda jukwaani kutaja majina ya vijana waliochaguliwa na timu za NBA. Jina la kwanza lilikuwa Blake Griffin. La pili likawa Hasheem Thabeet. Mtoto wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa mita 2.21, akainuka, akavaa kofia ya Memphis Grizzlies, akapeana mkono na Stern. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kuingia NBA. Wa tatu akaitwa James Harden. Wa saba, Stephen Curry. Wa tisa, DeMar DeRozan. Yashikeni majina hayo, maana tutakutana nayo tena.

Kwanza tuelewane jinsi mambo yanavyokwenda kule. NBA ina timu 30. Kila mwaka vijana wapya, kutoka vyuo vya Marekani na nchi nyingine, huwekwa kwenye orodha moja, na timu hupokezana zamu za kuwachagua. Shughuli hiyo ndiyo drafti. Nanyi mnaifahamu sana. Mkifika uwanjani jioni, manahodha wawili husimama mbele, wengine mnajipanga, kisha unaanza uchaguzi: huyu wangu, yule wako. Tofauti ni kwamba kule aliyefungwa sana ndiye hutangulizwa. Timu zilizokosa hatua ya mtoano huingia kwenye bahati nasibu, na zile dhaifu zaidi hupewa bahati kubwa zaidi ya kuchagua mapema. Kusudi lake ni jema: mnyonge wa mwaka huu apate mtu wa kumwinua mwakani.

Njia ya pili ni kubadilishana. Timu inamtamani nyota ambaye tayari anang'ara kwingine. Ili impate, inatoa wachezaji wake, au inatoa zamu zake za kuchagua za miaka ijayo. Hapo ndipo pa kuangalia vizuri. Timu ikitoa leo zamu ya miaka mitano mbele, imemtoa kijana ambaye kwa sasa yuko darasani anafanya hesabu, na hakuna mtu katika timu hiyo anayemjua hata kwa jina.

Tumrudie Hasheem. Mpira wa kikapu aliuanza hapa Dar es Salaam akiwa na miaka 15. Akaenda Marekani, akamaliza sekondari huko, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Katika ligi ya vyuo ya Big East alitajwa mchezaji bora wa ulinzi mara mbili, mwaka 2008 na 2009. Mpinzani akipenya na mpira hadi chini ya ringi, aliukuta mkono mrefu wa Hasheem umekwisha kutangulia. Mwaka 2009 chuo chake kilifika nne bora ya Marekani nzima. Kwa hiyo Memphis walipomchagua wa pili, walikuwa na sababu.

Lakini fanyeni hesabu. Siku ile alikuwa na miaka 22, na kikapu alikuwa amekicheza kwa miaka saba tu. Alikwenda kukabana na watu walioanza kudunda mpira wakiwa wadogo kabisa. Na Memphis tayari walikuwa na mchezaji wa kati, Mhispania Marc Gasol, aliyekuwa akiimarika kila mwezi. Nafasi uwanjani ilikuwa moja, watu wawili. Katika msimu wake wa kwanza Hasheem alicheza wastani wa dakika 13 kwa mchezo. Februari 2010 akapelekwa kwa muda katika ligi ndogo, timu ya Dakota Wizards. Februari 2011 Memphis wakamwachia aende Houston Rockets. Machi 2012 akahamishiwa Portland Trail Blazers. Misimu mitatu, jezi tatu. Kila alipofika palikuwa na kocha mpya, mipango mipya na wenzake wapya, na kila mahali alihesabiwa dakika badala ya kufundishwa kwa utulivu.

Wapo wanaomtaja kama mfano wa uchaguzi uliokosewa, kwa sababu Harden na Curry, waliokuja kuwa nyota, walimfuata nyuma. Mimi napenda muangalie upande wa pili. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi kulea. Hata kuchagua si kazi. Timu ikimchukua kijana aliyeanza mchezo akiwa na miaka 15, imejifunga kumpa muda. Memphis walimpa muda wa chini ya misimu miwili.

Je, Memphis walipata hasara? Hapa ndipo hadithi inapokuwa tamu. Katika kumtoa Hasheem walimpata Shane Battier, na Battier hakuwa mgeni kwao. Timu hiyo hiyo ndiyo iliyomchagua wa sita katika drafti ya mwaka 2001. Alikuwamo katika timu yao iliyoingia hatua ya mtoano mara tatu mfululizo, 2004 hadi 2006, ikafungwa michezo yote 12. Kisha wakamtoa. Aprili 2011, Battier akiwa amerudi kwao, Memphis walicheza na San Antonio Spurs, vinara wa ukanda wa Magharibi. Zikiwa zimebaki sekunde chache, Battier akatupa kutoka mbali, pointi tatu, ndani! Memphis wakashinda 101 kwa 98. Ulikuwa ushindi wao wa kwanza wa mtoano tangu timu hiyo iundwe, na hatimaye wakawatoa Spurs kwa michezo minne kwa miwili.

Marc Gasol, kwa upande wake, hakuchaguliwa na Memphis. Mwaka 2008 Memphis walimtoa kaka yake, nyota Pau Gasol, aende Los Angeles Lakers, nao wakapewa wachezaji kadhaa pamoja na haki ya kumchukua Marc, kijana aliyechaguliwa wa 48 na kudharauliwa na wengi. Lakers walitwaa ubingwa mwaka 2009 na 2010. Memphis walikaa na Marc, wakamlea, na mwaka 2013 akatajwa mchezaji bora wa ulinzi wa NBA nzima. Siku ya kubadilishana watu waliwacheka Memphis. Baada ya miaka mitano hakuna aliyecheka. Aliyetoa nyota alipata nyota mwingine, kwa kuwa alikuwa na subira.

Sasa sikilizeni habari ya walioshindwa kungoja. Mwaka 2013 Brooklyn Nets walitaka ubingwa upesi. Wakawachukua Paul Pierce na Kevin Garnett kutoka Boston Celtics, magwiji wa kweli, lakini Pierce alikuwa na miaka 35 na Garnett 37. Bei yake? Zamu za kuchagua za raundi ya kwanza za mwaka 2014, 2016 na 2018, na ruhusa ya Boston kubadilishana zamu mwaka 2017. Magwiji walichoka haraka, Brooklyn wakaporomoka, na kila walipoporomoka, ile zamu iliyokuwa mikononi mwa Boston ilizidi kupanda thamani. Kwa zamu ya 2016 Boston walimchagua Jaylen Brown. Ile ya 2017 ikawafikisha kwa Jayson Tatum. Mwaka 2024 Boston walitwaa ubingwa, Brown na Tatum wakiwa mbele, na pembeni yao wachezaji waliopatikana kwa kubadilishana, kama Jrue Holiday na Derrick White.

Msiseme basi kwamba kumfuata nyota ni dhambi. Mnamkumbuka DeMar DeRozan, aliyechaguliwa wa tisa usiku ule wa Hasheem? Toronto walimlea kwa miaka tisa, na mji ukampenda. Mwaka 2018 kiongozi wa timu hiyo, Mnigeria Masai Ujiri, akamtoa ili ampate Kawhi Leonard. Watu walilia. Mwaka uliofuata Toronto wakawa mabingwa kwa mara ya kwanza, na Leonard akaondoka baada ya msimu huo mmoja. Mbona walifaulu? Kwa sababu Leonard alikuta nyumba imekwisha kujengwa. Alimkuta Pascal Siakam wa Kamerun, aliyechaguliwa wa 27 na kukuzwa hapo hapo. Alimkuta Fred VanVleet, ambaye hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti, naye Toronto walimfundisha mpaka akawa mtu wa fainali. Nyota alikuja kumalizia kazi iliyoanzwa na walezi.

Turudi sasa nyumbani. Katika ligi yetu ya kikapu ya mkoa, BDL, hakuna drafti, mchezaji husajiliwa. Timu ya jeshi kama JKT inaweza kumvutia kijana kwa ajira. Timu ya Savio ina mizizi yake katika kazi ya vijana ya Don Bosco. Uwanja wa Ndani wa Taifa uko Temeke, lakini watoto wengi wa Temeke na Kinondoni hudunda mpira nje, juu ya saruji, kwenye ringi isiyo na wavu. Na kwa kuwa hakuna siku ya kuchagua, anayekuchagua ni yule mwalimu au kaka wa mtaani anayekwambia, "Kesho uje tena." Huyo ndiye drafti yetu.

Kwenye soka mambo hayo hayo mnayaona wazi. Mbwana Samatta ni mtoto wa Mbagala. Alipita African Lyon, akaenda Simba, akachukuliwa na TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, akatwaa nayo ubingwa wa Afrika mwaka 2015, akaenda Genk ya Ubelgiji, na mwaka 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga bao katika Ligi Kuu ya Uingereza. Kila timu kubwa ilimpata kwa fedha, lakini kabla ya fedha yoyote kulikuwa na uwanja wa mtaani na mtu aliyemwona. Na mwaka 2017 Simba waliwachukua kwa mkupuo watu wanne wa Azam, timu yenye makao yake Chamazi: Aishi Manula, Shomari Kapombe, Erasto Nyoni na John Bocco. Msimu huo huo wa 2017/18 Simba wakapata ubingwa waliokuwa hawajauona tangu 2011/12. Simba walinunua vizuri. Azam waliachiwa kazi ya kuanza kujenga upya.

Bado kuna kijana mmoja. Khaman Maluach alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, akakulia Kampala, Uganda. Naye alichelewa kuanza kikapu, na urefu ukamtangulia kama ulivyomtangulia Hasheem. Ila yeye alikuta ngazi imewekwa. Alichukuliwa na akademi ya NBA iliyoko Saly, Senegal, akala, akasoma na kufanya mazoezi huko. Ligi ya Afrika, BAL, iliyoanza Kigali mwaka 2021, ina utaratibu wa kuzipa timu zake vijana wa akademi hiyo, basi Maluach akacheza na watu wazima akiwa bado mtoto. Mwaka 2024 aliichezea City Oilers ya Uganda. Mwaka huo huo, akiwa na miaka 17, aliichezea Sudan Kusini katika Olimpiki ya Paris. Akapita Chuo Kikuu cha Duke. Kisha Juni 25, 2025, tarehe ile ile ya Hasheem, miaka 16 baadaye, akachaguliwa wa kumi, akaenda Phoenix Suns. Na Phoenix waliipata wapi zamu hiyo? Waliipata kwa kukubali kumtoa nyota wao Kevin Durant aende Houston. Timu moja ilimtaka mtu aliyeiva, nyingine ikaanza upya na vijana, na mmoja wa vijana hao ametoka kwa majirani zetu.

Sijui kama mnaona ninachokiona. Hasheem alikuwa na urefu, alikuwa na moyo, na alifika mbali kuliko Mtanzania yeyote kabla yake katika mchezo huu. Alichokosa ni ngazi: mwalimu akiwa na miaka 10, mashindano akiwa na miaka 12, na timu ya kumngoja akiwa na 22. Ngazi hiyo haiwezi kununuliwa siku ya usajili. Inajengwa na shule inayotunza ringi yake, na kocha anayelipwa kwa wakati. Inajengwa na mzazi anayemruhusu binti yake abaki mazoezini kama anavyomruhusu kaka yake, na kiongozi wa klabu anayetenga fungu la vijana kabla ya kutafuta mgeni wa kumtangaza.

Kwa hiyo mtu akikuuliza ipi njia bora, drafti au kumfuata nyota, mjibu kwamba timu nzuri hutumia zote mbili, lakini huanza na kulea, na haitoi watoto wake wa kesho kumpata mzee anayeelekea machweo. Na mkisikia timu ya hapa kwetu inajisifu kwa usajili mkubwa, msiishie kupiga makofi. Waulizeni viongozi wake kwa adabu, mbele ya watu: vijana wenu wa miaka 12 wanafanyia mazoezi wapi, na nani anawafundisha?