Sunayna na Wageni Wake

Njooni, wapwa wangu, sogeeni karibu. Leo nawaletea hadithi ya meli. Inaitwa Sunayna, meli ya doria ya Jeshi la Wanamaji la India. Tuiache iseme yenyewe.

"Hamjambo, watoto! Aprili 2025 niling'oa nanga Karwar, nikavuka Bahari ya Hindi mpaka Dar es Salaam. Nilibeba mabaharia wangu wa kila siku, na wageni 44 kutoka nchi tisa. Mtanzania yumo. Mkenya yumo. Mkomoro yumo. Wote meli moja!"

"Mjomba, kwani kila nchi haina mabaharia wake?"

Swali zuri hilo, mwanangu! Inao. Lakini moto ukiwaka jikoni kwa jirani, watu huja mbio na ndoo. Mlango ni mmoja. Huyu anaingia, yule anatoka, mwingine anamwagia mwenzake maji miguuni. Moto unawacheka tu. Basi ni heri wajipange siku ambayo hakuna moto.

"Ndicho kilichotuleta Dar," anasema Sunayna. "Nilikuwa na wenzangu, manowari Chennai na Kesari. Mazoezi yaliitwa AIKEYME. Wenyeji walikuwa India na Tanzania, na nchi zote pamoja zilikuwa kumi. Kuanzia Aprili 13 mazoezi yalikuwa bandarini. Watu walikaa mezani wakajadili: maharamia wakija, nani atampasha nani habari?"

"Mjomba, maharamia wapo kweli?"

Wapo. Mwaka 2008 maharamia wa Kisomali waliteka meli ya Faina, ikiwa njiani kuja Mombasa. Unajua ilibeba nini? Vifaru 33! Si wale wa mbugani wenye pembe. Hivi vilikuwa na mizinga.

"Mimi niliagana na Chennai na Kesari bandarini," anasema Sunayna, "nikashika njia ya Nacala, Msumbiji. Wenzangu wakaenda baharini, Aprili 16 hadi 18. Walifanya mazoezi ya kuokoa watu, ya kurusha helikopta, na ya kupanda meli inayoshukiwa ili kuipekua."

"Wakipanda, wanamkuta nani, Mjomba?"

Ah, unapenda kujua, nami napenda hivyo! Katika mazoezi kama haya, mabaharia wengine hujifanya wahalifu. Wanajificha, wanabisha, wanakana kila kitu.

"Basi mimi nitakuwa haramia!"

Haya, haramia wangu. Lakini umeshajua kuogelea?