Beringi za Magurudumu ya Motokaa ya Zamani

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kueleza habari za kitu kidogo ambacho abiria hakioni kamwe, nacho ndicho kifanyacho gurudumu lizunguke bila kuyumba. Kitu hicho ni beringi. Aliyepata kukaa kando ya barabara kati ya Mpanda na Sitalike, jua likichwa na mbung'o wakimwuma shingoni, akingoja msaada kwa sababu gurudumu limekwama, hahitaji kuambiwa thamani yake.

Motokaa tuliyoichagua iwe mfano wetu ni Datsun 240Z, motokaa ya mbio iliyotengenezwa Japani. Wazee wengi wangali wakiikumbuka, maana ilishinda mashindano ya East African Safari mwaka 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973, ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Hatudai kwamba mtaikuta imeegeshwa sokoni Mpanda. Twaitaja kwa sababu beringi za magurudumu yake ya mbele ni za namna ile ile iliyomo katika Land Rover za zamani, na katika matrela mengi yavutwayo na matrekta. Atakayeielewa moja atakuwa amezielewa zote.

Ndani ya kitovu cha gurudumu, ambacho mafundi hukiita habu, mna beringi mbili, moja ya ndani na moja ya nje. Kila moja ina vigogo vidogo vya chuma kigumu vilivyopangwa kuizunguka pete, navyo huviringika ndani ya pete nyingine iitwayo kikombe. Vigogo hivyo havina unene ulio sawa, bali hupungua kuelekea upande mmoja. Sababu yake ni kwamba gurudumu hubeba uzito kutoka juu, lakini motokaa ipindapo kona, gurudumu husukumwa na kutoka ubavuni. Vigogo vilivyolala mshazari huweza kuzipokea nguvu zote mbili. Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi huko St. Louis, Marekani, alipata hati ya uvumbuzi wa beringi ya namna hii mwaka 1898. Yaani ilibuniwa kwa ajili ya gari la kukokotwa na wanyama.

Watu wengi hudhani kwamba beringi huuawa na uzito. Katika nchi yetu ya Katavi, yenye vumbi wakati wa kiangazi na mito iliyojaa wakati wa mvua, adui mkubwa zaidi ni maji na mchanga. Hebu fikirini. Motokaa ikienda mwendo mrefu, na breki zikitumiwa sana, habu hupata moto, na hewa iliyomo ndani hutanuka. Kisha dereva huingia ghafula katika maji. Habu hupoa, hewa husinyaa, nayo huyavuta maji ndani kwa kupitia pete ya mpira iitwayo sili, hasa ikiwa imechakaa, kama mtoto anyonyavyo maji kwa mrija. Grisi huwa nyeupe kama uji, chuma hushika kutu, na vigogo vilivyokuwa laini kama kioo huota vidonda. Kwa hiyo yafaa dereva asimame kwanza ukingoni hata habu zipoe, na akiisha kuvuka maji yaliyozifunika, asikae miezi bila kuzifungua.

Beringi iliyochakaa hutoa sauti kabla ya kuvunjika. Ni mngurumo wa chini uongezekao kwa kadiri ya mwendo wa motokaa, wala haubadiliki mkizima injini na kuiacha motokaa iviringike. Ili kuhakikisha, inueni gurudumu kwa jeki, mlishike juu na chini, mlitikise. Likicheza, mwombeni mwenzenu akanyage breki, mkatikise tena. Mchezo ukitoweka, kosa li katika beringi. Ukibaki, tafuteni katika viungo vya usukani. Jaribio hili halina gharama, nalo limewaokoa wengi na kununua vyuma visivyohitajika.

Kazi yenyewe hufanywa mahali palipo sawa, na magurudumu mengine yamezuiwa kwa mawe. Legezeni nati za gurudumu kabla ya kuinua, na motokaa ikiisha kuinuliwa, iwekeni juu ya gogo imara au stendi. Kutegemea jeki peke yake ni kuchezea mauti. Kalipa ya breki ikiisha kufunguliwa, ifungeni juu kwa waya, isining'inie kwa mpira wake. Kisha toeni kifuniko, pini, nati na pete yake, na habu itatoka. Osheni vyote kwa mafuta ya taa, wala msitumie petroli, ambayo hushika moto upesi.

Vigogo vikiwa na rangi ya buluu, jueni kwamba viliungua. Vikiwa na vidonda, havifai tena. Na hapa wengi hukosea: hununua vigogo vipya na kuviweka katika kikombe cha zamani ili kuokoa fedha. Kikombe kilichoota vidonda kitavila vigogo vipya upesi. Vibadilisheni pamoja. Kikombe hutolewa kwa kupigwa polepole kwa kipande cha shaba, huku na huku, kisiende mshazari. Beringi mpya hushindiliwa grisi kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili, lakini habu haijazwi pomoni, maana grisi huhitaji nafasi ipatapo joto. Sili iwe mpya, na grisi isiguse diski wala pedi za breki.

Sasa twafika penye ugumu, yaani kukaza nati. Sisi wenyewe tulipata kuikaza kwa nguvu zetu zote, tukidhani kwamba gurudumu lisilocheza hata kidogo ndilo salama. Kabla hatujaenda mbali, grisi ilikuwa ikitoka moshi. Vigogo vilibanwa hata vikashindwa kuviringika, vikasuguana na kikombe. Njia iliyo sawa ni kukaza huku mkilizungusha gurudumu, ili vigogo vikae mahali pake, kisha kuilegeza nati kwa kadiri ya upande mmoja wa pande zake sita. Gurudumu lizunguke kwa wepesi. Ndipo mtie pini mpya; ya zamani ikiisha kukunjwa mara moja imedhoofika. Mwenye kitabu cha motokaa yake na afuate vipimo vyake. Motokaa nyingi za siku hizi zina beringi zilizofungwa pamoja kiwandani, nazo hazikazwi hivi.

Mkiisha, endeni safari fupi, mkisimama kugusa habu kwa kiganja. Uvuguvugu si kitu. Ikiwa mkono hauvumilii, na breki haikushika, nati imekazwa mno. Atokaye Mpanda kwenda kusini na aguse habu zake zote nne pale Sitalike, kabla ya kuingia Hifadhi ya Katavi, kwa kuwa mbele yake ni mbuga ya simba na nyati, ambamo haifai kushuka na kulala chini ya motokaa.