Bondia Tuliyemzomea: Kumbukumbu za George Foreman (Sehemu ya 2)

Baada ya sehemu ya kwanza kutoka wiki iliyopita, wasomaji kadhaa waliniletea ujumbe, na wengi wao walikuwa na swali moja: unamsifuje mtu aliyepeperusha bendera ya Marekani mbele ya dunia nzima, wakati weusi wenzake wanafukuzwa kwa kudai utu wao? Swali hilo ni la haki. Kabla sijatoka Kingston tulikoishia, Foreman alikomnyang'anya Joe Frazier ubingwa, na kwenda Kinshasa, nirudi kidogo Mexico.

Tarehe 16 Oktoba 1968, Tommie Smith na John Carlos walisimama kwenye jukwaa la ushindi wakiwa wameinua ngumi zilizovikwa glavu nyeusi, na viongozi wa Olimpiki ya Marekani wakawarudisha nyumbani. Siku kumi baadaye, kijana wa miaka 19 kutoka Houston alimmaliza Jonas Čepulis wa Umoja wa Kisovieti katika raundi ya pili, akatwaa dhahabu ya uzito wa juu, kisha akazunguka ulingoni na kibendera mkononi, akiinamisha kichwa kila upande. Ilikuwa michezo ile ile ambayo John Stephen Akhwari wetu aliingia uwanjani akichechemea, goti limefungwa bendeji, akamaliza marathoni watu wakiwa wameshaanza kuondoka. Dunia ilimpenda Akhwari. Foreman alipendwa na Wamarekani weupe, na weusi wengi wakamnunia.

Lakini tazama alikotoka. Aliacha shule mapema, na mwenyewe alikiri kwamba alikuwa kibaka wa kuwapora watu mitaani. Kilichomwokoa ni mpango wa serikali wa Job Corps, ulioanzishwa enzi za Rais Lyndon Johnson kuwafundisha vijana maskini kazi za mikono, na huko ndiko alikovishwa glavu kwa mara ya kwanza. Kwake yeye bendera ile ilikuwa sahani ya chakula. Unaweza kusema hakuona mbali. Mimi siwezi kusema alikuwa msaliti, na sababu yangu ni jambo lililotokea hapa hapa kwetu.

Februari 1980, Muhammad Ali alitua Dar es Salaam akiwa ametumwa na Rais Jimmy Carter. Majeshi ya Kisovieti yalikuwa yameingia Afghanistan, na Marekani ilitaka Afrika isusie Olimpiki ya Moscow. Waandishi wa habari wetu wakamuuliza: sisi tulipoisusia Montreal mwaka 1976 kwa sababu ya New Zealand kucheza raga na makaburu, Marekani ilikuwa wapi? Ali alikiri kwamba jambo hilo hakuwa ameambiwa. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Tanzania ikaenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi kila mmoja na medali ya fedha. Kwa hiyo bendera ile ile tuliyomlaumu Foreman kwa kuishika, Ali naye aliletwa kwetu kuibebea ujumbe. Ali tulimsamehe, na tulifanya vyema. Foreman hatukuwahi kumpa hata nafasi ya kujieleza.

Sasa Kinshasa.

Nilikuwa na miaka kumi, naishi Kigoma. Kinshasa iko mbali sana na sisi, upande wa pili kabisa wa Zaire, lakini kwa mtoto wa Kigoma nchi hiyo yote ilikuwa "ng'ambo", milima ile ya buluu unayoiona ziwani hewa ikiwa safi. Kwa hiyo tulilichukulia pambano lile la 1974 kati ya Ali na Foreman kama letu. Wafanyabiashara wa boti walikuwa wamekwisha kutuletea ule wito, "Ali, boma ye", na hatukuhitaji kufundishwa Kilingala kujua kwamba maana yake ni "Ali, mwue". Tuliuimba tukienda kuteka maji, tuliuimba tukipigana wenyewe kwa wenyewe mchangani. Hakuna mtoto aliyekubali kuwa Foreman. Ilibidi tupige kura.

Wakubwa walikuwa na sababu zao. Foreman aliteremka Kinshasa na mbwa mkubwa wa aina ile itumiwayo na polisi. Kwake alikuwa rafiki tu, lakini Wakongo waliwakumbuka mbwa kama hao mikononi mwa polisi wa Kibelgiji. Ali alitembea mitaani, akashika mikono ya watu, akajiita mwana wa Afrika aliyerudi nyumbani. Foreman alijifungia. Kisha tarehe 16 Septemba akachanika juu ya jicho mazoezini, na pambano lililopangwa tarehe 25 likasogezwa hadi 30 Oktoba. Tamasha la muziki lililoandaliwa kwenda sambamba nalo halikungoja: Franco, Tabu Ley, Miriam Makeba, James Brown, wote walipiga Septemba ile ile. Foreman akabaki Zaire wiki tano zaidi, katika nchi ambayo watu wake walikuwa wameshaamua.

Pambano lilianza saa 10 alfajiri kwa saa za Kinshasa, ili Wamarekani walione usiku wao kabla ya kulala. Kwetu ilikuwa saa 12 asubuhi ya Jumatano. Ninakumbuka nikivaa sare huku nikijua kwamba wakati ule ule, mahali fulani ng'ambo, watu wawili wanapigana. Habari zilitufikia shuleni mchana, na walimu wenyewe ndio walioanza kushangilia.

Jioni baba mdogo alirudi kutoka bandarini, alikokuwa kuli. Nikamrukia: "Baba mdogo, Ali kamwangusha!" Akaketi kwenye kigoda, akavua viatu. "Nimesikia," akasema. "Yule kijana tumezaliwa naye mwaka mmoja, 1949. Ana miaka 25, na leo dunia nzima inamcheka." Sikuelewa kwa nini hakucheza. Nilidhani amechoka kwa mizigo.

Pambano lenyewe nilikuja kuliona miaka mingi baadaye, kwenye kanda ya video, na ndipo nilipogundua kwamba hadithi tuliyosimuliwa ilikuwa na pengo. Tuliambiwa kwamba Ali alikuwa mwerevu na Foreman mjinga mwenye nguvu. Kabla ya usiku ule Foreman alikuwa amepigana mara 40 katika ngumi za kulipwa na kushinda zote, 37 kati ya hizo kwa KO. Mapambano yake matatu ya ubingwa, dhidi ya Joe Frazier, José Roman na Ken Norton, ukiyajumlisha pamoja hayafiki raundi tano. Mtu ambaye kila mlango aliousukuma ulifunguka, kwa nini ajifunze kubisha hodi?

Ali aliegemea kamba, akaufunika uso kwa mikono, akamwacha apige. Makonde mengi yaliishia mikononi na mabegani. Foreman alipokaribia, Ali alimkumbatia shingo na kumlalia kwa uzito wake wote, na hiyo ndiyo kazi ambayo watazamaji hawaioni: kumbeba mtu wa kilo 98 kwa shingo, katika joto la Kinshasa, raundi baada ya raundi. Konde linalokosa nalo linachosha kuliko linalopata, kwa sababu hakuna cha kulizuia. Inabidi mwili wako mwenyewe uurudishe mkono uliotupwa hewani. Kufikia raundi ya tano pumzi ya Foreman ilikuwa imekatika. Raundi ya nane, zikiwa zimebaki sekunde chache, Ali alitoka kwenye kamba na mfululizo wa makonde, la mwisho la kulia, na bingwa akazunguka polepole kama mtu anayetafuta pa kukaa, akaanguka. Refa alisimamisha pambano sekunde mbili kabla ya kengele.

Baada ya hapo Foreman alilalamika kwa kila kitu: kamba zilikuwa zimelegea, refa alihesabu haraka, maji aliyopewa yalikuwa na kitu. Nilimchukia kwa malalamiko yale zaidi ya nilivyomchukia kwa bendera. Leo nayaona kama maneno ya kijana asiyejua kushindwa kunafanywaje, maana tangu aanze ngumi za kulipwa hakuwahi kushindwa.

Miaka mitatu iliyofuata niipite haraka. Mwaka 1976 alimmaliza Ron Lyle baada ya kila mmoja kumwangusha mwenzake, akampiga Frazier tena, na Machi 1977 huko San Juan, Puerto Rico, akashindwa kwa pointi na Jimmy Young. Katika chumba cha kubadilishia nguo baada ya pambano lile alipata kile alichokiita kukutana na Mungu. Akaacha ngumi, akawa mhubiri Houston, akajenga kanisa na kituo cha vijana. Miaka kumi hakupigana. Huku kwetu jina lake lilibaki kwenye midomo ya watu kama jina la aliyepigwa na Ali, basi.

Mwaka 1987 akarudi. Alihitaji fedha za kukiendesha kituo chake, na alisema hivyo wazi. Alikuwa na miaka 38, kichwa kimenyolewa, tumbo mbele. Watu walicheka tena, na safari hii alicheka nao. Lakini mtu aliyejua ngumi angeona kwamba huyu si yule wa Kinshasa. Hakukimbilia kummaliza mtu. Alitembea. Mikono aliikunja mbele ya uso kama mtu aliyebeba kuni, kinga ya mtindo wa bingwa wa zamani Archie Moore, ambaye alikuwa katika kona yake hata usiku ule wa 1974. Mapumziko ya raundi aliyamaliza akiwa amesimama, kiti hakukitaka. Aprili 1991 alikwenda raundi zote 12 na Evander Holyfield, bingwa wa miaka 28, akashindwa kwa pointi, na hakuna aliyecheka siku ile. Pumzi, ambayo ndiyo iliyomwangusha Kinshasa, sasa alikuwa ameifanya akiba. Aliitoa kidogo kidogo kama mama anavyogawa unga mwezi mgumu.

Tarehe 5 Novemba 1994, Las Vegas, alipanda ulingoni dhidi ya Michael Moorer, bingwa wa miaka 26 ambaye hakuwa ameshindwa katika mapambano 35. Foreman alikuwa na miaka 45. Alivaa ile ile bukta nyekundu ya Kinshasa. Na katika kona yake, akiwa ameshika taulo, alisimama Angelo Dundee, mwalimu ambaye miaka 20 kabla alikuwa katika kona ya Ali.

Wiki chache baadaye nilipata kanda ya pambano hilo. Nilikuwa naishi Dar es Salaam, na baba mdogo alikuwa amefika kwangu kutoka Kigoma kufuatilia kiinua mgongo chake. Alikuwa amepunguzwa kazi. Kila asubuhi alivaa shati lake jeupe, akaenda ofisini kwa waajiri wake, na kila jioni alirudi na jibu lile lile, njoo kesho. Miaka 45, na alikuwa ameshaanza kutembea kama mzee. Niliazima deki kwa jirani ili kumtoa kwenye mawazo.

Kwa raundi tisa hapakuwa na cha kumfurahisha mtu. Moorer alikuwa mwepesi, anapiga na kutoka, na majaji wote watatu walikuwa wamempa uongozi. Uso wa Foreman ulikuwa umevimba. Jicho lisilojua ngumi lingeona mzee anayesubiri kumalizwa. Lakini Moorer alitumia mkono wa kushoto, na bondia wa kushoto husimama mguu wa kulia mbele, jambo linaloufungulia njia mkono wa kulia wa mpinzani. Ukisimama mbele ya Foreman kwa namna hiyo, umesimama mlangoni. Kocha wake, Teddy Atlas, alikuwa akimwonya asitulie mahali pamoja.

Raundi ya kumi, Foreman alirusha mkono wa kushoto, ule wa kudonoa, halafu wa kulia, mfupi. Akarudia. Makonde hayo hayakuwa ya nguvu kama yale ya Kingston. Yalinyooka tu. La mwisho lilimpata Moorer kidevuni, akaenda chini chali, mdomo unavuja damu, akahesabiwa hadi kumi. Foreman alikwenda kwenye kona yake, akapiga magoti na kuinamisha kichwa. Kabla yake, mzee kuliko wote waliowahi kutwaa ubingwa wa uzito wa juu alikuwa Jersey Joe Walcott, mwaka 1951, akiwa na miaka 37.

Nilipiga kelele mpaka majirani wakachungulia dirishani. Mimi, niliyekuwa nikiimba "boma ye" mchangani. Baba mdogo hakusema kitu. Alisogeza kigoda chake karibu na televisheni.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha hadi lile konde la kulia. Akatikisa kichwa.

"Siyo hapo. Rudisha nyuma zaidi."

Nikarudisha hadi raundi ya sita, mahali ambapo hapatokei kitu, Foreman anatembea na kudonoa, anatembea na kudonoa, Moorer anampiga na kuondoka. Baba mdogo akanyoosha kidole kwenye kioo, akaanza kuyahesabu makonde ya kushoto, moja moja, kwa sauti ya chini, mpaka raundi ikaisha. Kisha akaniomba nimpigie pasi shati lake la kesho.